Maswali ya wasomaji: Mwandiko wa madaftari ya kale

SWALI: Nina nakala ya ukurasa wa daftari la ubatizo la misheni, enzi za Wajerumani. Babu kabatizwa "12 7bris 1909", yaani Julai. Alizaliwa "Lnknlndi", baba yake "Haffan". Wazee wanasema kijiji hicho hakipo na mtu huyo hawamjui. Je, nimeshika ukoo wa watu?
Msomaji, Masasi

JIBU: Si lazima. Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. 7bris ni Septemba, si Julai; kwa Kilatini cha mapadre, namba saba (septem) imo ndani ya jina la mwezi. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Angalia na majirani zake: ubatizo huandikwa kwa mfuatano, kwa hiyo mstari wa juu ukiwa wa Agosti na wa chini 8bris, ubishi umekwisha.

Sasa majina. Katika mwandiko wa Kijerumani wa wakati ule, uitwao Kurrent, "e" ni vijiti viwili vilivyobanana, utadhani "n". "u" nayo ni "n" tupu iliyowekewa kipinde juu, na nakala hafifu hukimeza kipinde hicho. Rudisha u, u na e mahali pake, utapata Lukuledi. "s" ndefu hushuka chini ya mstari kama "f", ndiyo maana Hassan amegeuka Haffan.

Usikisie neno zima. Tafuta ukurasa huohuo maneno unayoyajua, mfano Maria, Josephus, filius (mwana), uchore kila herufi kama mwandishi alivyoichora, kisha ulinganishe. Mkono wa mwandishi ukibadilika, anza upya. Unaponakili, herufi za mashaka zitie mabano: L[u]k[u]l[e]di. Ukiandika Lukuledi kavukavu, anayekufuata hatajua ulikisia wapi. Picha ipigwe bila flashi, mwanga wa dirisha ukitokea ubavuni.

Ila akina Hassan Kusini ni wengi mno. Jina la mama na la msimamizi wa ubatizo ndiyo yatakayokuthibitishia.

SWALI: Barua ya bibi, kwa herufi za Kiarabu, inataja "Lidi". Ni wapi?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Lindi. Waandishi wengi wa zamani hawakuandika "n" kabla ya "d" wala "m" kabla ya "b", na "p" waliiandika kwa herufi ya "b". Alama moja ilibeba i na e, nyingine u na o. Kwa hiyo "baba" ya kwenye barua yaweza kuwa pamba. Soma sentensi nzima kwanza, hasa kama neno hilo linafuatiwa na bei.