Mfalme kapigwa cheki: jiulize maswali matatu

Wengi wanaoanza chesi huniuliza: mbona programu inasema mchezo umekwisha ilhali mfalme wangu hajaliwa? Ni kwa sababu mfalme haliwi kamwe. Mchezo hukoma hatua moja kabla ya hapo: anashambuliwa na hana namna ya kuokoka. Hiyo ndiyo chekimeti.

Kilichonifungua macho mimi si kukariri picha za chekimeti, bali maswali matatu ninayojiuliza kila mfalme anapopigwa cheki, yaani anaposhambuliwa. Je, anaweza kuhamia mraba usioshambuliwa? Kete inayompiga cheki yaweza kuliwa? Kuna kete ya kuingia kati ikamkinga? Ukijibu hapana mara tatu, mchezo umekwisha.

Yapitie kwa utulivu, maana kila moja lina mtego wake. Farasi huruka, hivyo cheki yake haizibiki: ama umle, ama mfalme akimbie. Kete mbili zikimpiga cheki kwa mpigo mmoja, hana budi kuhama. Swali la kula ndilo linalowasumbua watu zaidi. Malkia akimsogelea mfalme bila mlinzi, mfalme anamla tu. Akilindwa na askofu, hata kama askofu huyo yuko mbali kule c4 (herufi hutaja safu ya wima, namba mstari wa mlalo), mfalme hamgusi.

Tandika ubao uone. Mfalme mweusi yuko g8, askari wake wako f7, g7 na h7. Ngome nyeupe inaingia e8, na mweusi hana kete ya kuila wala ya kujiweka f8. Mbele mfalme amezibwa na askari wake mwenyewe. Akienda f8, bado yuko kwenye mstari wa ngome. Akirudi h8 vilevile, kwa kuwa akishatoka g8 mstari unamfuata hadi ukingoni. Chekimeti. Ndiyo maana namshauri kila anayeanza amsukume askari wa h hatua moja mapema, apate upenyo.

Jambo la pili ni sare ya kukosa hatua, na hii inauma kwa sababu humpata anayeongoza. Mfalme mweusi yuko h8 peke yake, mfalme mweupe f6, malkia mweupe g1, na ni zamu ya mweupe. Malkia akipanda g7 ni chekimeti: mfalme wake anamlinda. Akiishia g6, mraba mmoja tu nyuma, mweusi hashambuliwi lakini g7, g8 na h7 zote zimefungwa. Hana pa kwenda, na kwa sheria hiyo ni sare, hata kama ulikuwa na malkia mzima zaidi.

Kwa hiyo mpinzani akibakiwa na mfalme peke yake, kabla hujaachia kete tafuta kwa macho mraba atakaokwenda. Kama huuoni, na hatua yako si cheki, irudie hesabu.