Behewa, bogi au toroli?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu reli ya Talyllyn, kule Wales. Nimeandika: "mabogi madogo ya reli nyembamba zinazoendeshwa na watu wa kujitolea." Mwenzangu ashikilia ni "mabehewa". Nani yuko sawa?
– Msomaji, Changamwe, Mombasa

JIBU: Mwenzako. Mitaani gari zima huitwa "bogi", na kwa mazungumzo sina ugomvi nalo. Ila kwa fundi, bogi ni ile fremu ya magurudumu inayojigeuza chini ya behewa treni ikikata kona. Sasa, mabehewa ya mwanzo ya Talyllyn, ya miaka ya 1860, yana magurudumu manne tu na hayana bogi hata moja! Ukiyaita mabogi, fundi atakucheka. Andika "mabehewa ya abiria".

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "zinazoendeshwa", na hili mwenzako hakuligusa. Ni nini kinachoendeshwa? Ukiandika "yanayoendeshwa", umesema mabehewa. Ukiandika "inayoendeshwa", umesema reli, na ndivyo ilivyo: tangu 1951 watu wa kujitolea ndio wanaoiendesha, na ni reli ya kwanza duniani kuokolewa hivyo. Hiyo "zina-" yako ingefaa kama reli zingekuwa nyingi, na hapa ni moja. Wengi siku hizi huitupia kila wingi, hata "mabehewa zimejaa". Mabehewa yamejaa, bwana.

"Reli nyembamba" nayo yapotosha kidogo, maana chuma chenyewe si chembamba. Kilichopungua ni nafasi baina ya vyuma viwili, yaani geji. Talyllyn ni milimita 686, reli yetu ya zamani ni mita moja, na ya SGR pale Miritini ni milimita 1,435. "Reli ya geji nyembamba" yatosha.

Behewa la mwisho, anamokaa gadi, liite "behewa la gadi". Lile la Talyllyn lina kidirisha cha kukatia tiketi, kwa hiyo usikubali kulifanya "stoo".

Yamebaki magari madogo ya wazi yaliyobeba mawe ya kuezekea kutoka machimboni. Hapo mimi ningeandika "matoroli". Mombasa ya zamani ilikuwa na toroli za abiria zilizosukumwa na watu juu ya reli katikati ya mji, basi neno hilo lina haki yake relini kabla halijahamia kwa wabeba saruji.