Ukitaka kazi ya kutunza tembo, jiandae kushika tupa na koleo

Mtu akisikia nishawahi kufanya kazi kwenye sarakasi yenye tembo huwa anauliza vitu viwili tu, walikuwa wananipandisha mgongoni? na ni kweli tembo hasahau? Hakuna anayeuliza habari ya miguu, wakati kazi yenyewe ndio ilikuwa hiyo, miguu, mavi na maji. Yale maonyesho, muziki na taa na vitambaa vya kumetameta, ni dakika chache tu za siku nzima, masaa mengine yote tembo yupo nyuma ya hema anakula na wewe unazoa.

Nayasema haya maana kuna vijana wananifuata wanataka kuingia kwenye kazi za wanyama wakubwa, na wengi naona wanawaza picha. Sasa sikilizeni. Tembo mmoja mkubwa anakula kama kilo 150 za majani kwa siku, wengine zaidi, maji anakunywa zaidi ya lita 100, halafu tumbo lake halimeng'enyi vizuri, karibu nusu ya alichokula kinatoka kama kilivyoingia. Kama mgongo wako haupendi koleo tafuta kazi nyingine mapema.

Sasa miguu. Porini tembo anatembea kutwa kwenye udongo, mchanga, tope, kwahiyo kucha na ngozi ya wayo vinalika vyenyewe. Wa sarakasi anasimama kwenye zege, kwenye lami, kwenye sakafu ya behewa, amefungwa mnyororo mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, wayo unakua tu mpaka unapasuka, vijiwe vinaingia kwenye nyufa, usaha unatunga kwa ndani na wewe huoni kitu mpaka siku anaanza kuchechemea. Ndio maana kila siku unamwambia anyanyue mguu, unaosha, unachokonoa uchafu, unapiga tupa kwenye kucha, na unanusa. Ndiyo unanusa, kidonda kinachooza ndani pua inakijua kabla ya macho. Tembo wengi wanaofugwa wanaishia kuchomwa sindano ya kufa kwa sababu ya miguu na viungo, kwahiyo yule mzee anayeshinda amechuchumaa na tupa ndio mtu wa maana kuliko yule wa koti la dhahabu. Kaa karibu naye, ndiye atakayekufundisha kazi.

Kitu kingine, mkimuona tembo anayumba kushoto kulia, kichwa kinaenda kinarudi, watu wanapiga makofi eti anacheza muziki. Hachezi jamani. Anayumba hivyohivyo usiku wa manane watu wote wamelala. Ni tabia ya mnyama aliyekaa sana sehemu moja hana la kufanya. Ukianza kazi mahali ukakuta nusu ya tembo wanayumba, umeshajua unafanya kazi na watu gani.

Kuhusu ile fimbo yenye ndoano ya chuma, utaambiwa ni ya kumwongoza tu. Mimi nauliza, kama ni ya kumwongoza tu mbona akiiona kwa mbali mwili wote unabadilika? Na ile michezo ya kusimama kwa kichwa au kukaa kitako kwenye stuli, mnyama wa tani 3 hivi, uzito wote umeangukia sehemu ambayo haikuumbwa kuubeba, sidhani kama kuna aliyejitolea kwa hiari yake.

Usalama sasa. Tembo wa sarakasi amezoezwa, hajawa ng'ombe. Usimfuate kimyakimya, ongea ukiwa bado mbali, anakujua kwa sauti na harufu kuliko kwa macho. Usikae kati yake na ukuta hata kama ni mpole kama nini, akijiegemeza tu umekwisha, na usipite kati ya tembo wawili walioshibana. Dume ukiona majimaji yanamtoka kati ya jicho na sikio na mkojo unadondoka hovyo, hicho ni kipindi ambacho hata aliyemlea hamsogelei, na ndio sababu kubwa sarakasi nyingi zilipenda majike wa Asia. Lakini jike naye si wa kuaminiwa kipumbavu. Mwaka 1994 kule Honolulu, Marekani, jike wa Kiafrika aliyeitwa Tyke alimuua mkufunzi wake katikati ya onyesho, watu wanaangalia, akatoka mpaka mitaani na polisi wakampiga risasi nyingi mpaka akafa. Aliyeanza kujeruhiwa pale ulingoni alikuwa mhudumu, yaani mtu wa koleo kama nilivyokuwa mimi, ndio maana hiyo habari huwa siisimulii kama kichekesho.

Sarakasi zenyewe za tembo zimebaki chache. Ringling, ile sarakasi kubwa ya Marekani, waliwatoa tembo wao kwenye maonyesho Mei 2016, mwaka uliofuata wakafunga kabisa, na waliporudi 2023 hawakuwa na mnyama hata mmoja. England nako wanyamapori kwenye sarakasi za kuhamahama walipigwa marufuku kuanzia 2020. Kazi zilizopo ni kwenye bustani za wanyama na hifadhi za tembo waliostaafu, na huko sehemu nyingi huingii kabisa alipo tembo, mnatenganishwa na nondo, anakuja mwenyewe anaweka mguu kwenye kijidirisha, unausafisha, unampa tunda, akichoka anaondoka zake na hakuna wa kumlazimisha. Wazee wa ndoano wanacheka wanasema huo ni uoga. Mimi ningepata hiyo njia enzi zangu ningeikimbilia.

Kwahiyo ukiitwa usaili usione aibu kuuliza na wewe. Uliza tembo wanalala juu ya nini usiku, kama wanafungwa na kwa masaa mangapi, nani anaruhusiwa kuingia ndani na nani hapana. Uliza pia kipimo cha kifua kikuu, maana kile cha binadamu kinamwingia tembo na tembo anaweza kukurudishia wewe, na mahali ambapo hawataki kukupima kabla ya kuanza mimi nisingeingia hata wangenilipa mara mbili.