Kabla hujanunua adapta za kupitisha intaneti kwenye umeme, kagua soketi zako

Nyumba tuliyopanga hapa Tabata ni ya bloku na katikati kuna zege la nondo, rauta iko chini sebuleni, tivii ya watoto iko juu, na waifai ikifika kule inakuwa hoi, katuni inazunguka kaduara tu mpaka wanaanza kugombania rimoti kana kwamba rimoti ndo yenye kosa. Kuvuta kebo mama mwenye nyumba hataki, ukuta wake usitobolewe. Ndo nikaangukia hizi adapta, moja unachomeka kwenye soketi karibu na rauta, nyingine karibu na tivii, intaneti inapita kwenye waya zilezile za umeme.

Siku ya kwanza nikapima kasi ya intaneti kule juu, nikapata Mbps 8. Boksi limeandikwa 600! Nilishaanza kuzirudisha kwenye boksi nizipeleke dukani, bahati fundi umeme alikuja kwa shughuli nyingine akacheki akacheka. "Boss, umeichomeka kwenye frijigadi?" Kumbe vile vidude vya kulinda friji, pamoja na ekstensheni zenye kinga ya umeme, vingi vina kichujio cha kuondoa makelele kwenye waya, na kwa kichujio ile intaneti yako nayo ni makelele tu. Nikachomeka ukutani moja kwa moja, ikapanda mpaka 60 na kitu. Kama soketi zako ni chache tafuta adapta yenye soketi yake mbele, ekstensheni unaichomeka hapo.

Sasa hiyo 600 yenyewe ni ya makaratasi, adapta kwa adapta, kwenda na kurudi vimejumlishwa, na tundu la kebo kwenye adapta yangu ni la 100 kwahiyo hata nyaya zingekuwa za dhahabu isingevuka hapo. Lakini Netflix wenyewe wanasema picha kali ya 4K inataka Mbps 15 na ya 1080 inataka 5, na tivii nyingi tundu lake la kebo nalo ni la 100 tu. Kwa tivii moja sioni sababu ya kukimbilia adapta zilizoandikwa 2000, labda kama unahamisha mafaili makubwa kutoka kwenye kompyuta yenye muvi zako.

Halafu hizi kubwa kubwa, zile zilizoandikwa MIMO, zinatumia na waya wa ethi, ule wa usalama unaoenda ardhini. Nyumba zetu za zamani soketi ina matundu matatu ila nyuma ya lile la tatu unakuta hakuna waya! Hapo umelipia barabara mbili unapita moja. Mwambie fundi apime ethi kwanza, na hata kama hununui adapta ipime tu, ni usalama wako. Muulize pia kama umeme ulioingia ni fezi tatu, maana soketi ya chini ikiwa fezi moja na ya juu fezi nyingine inaweza kusumbua sana au isishike kabisa.

Kwenye boksi angalia imeandikwa HomePlug AV2 au G.hn. Hizo ni kama lugha mbili tofauti, ya HomePlug na ya G.hn haziongei, usije ukaokota ya pili ya bei rahisi ukadhani zitapatana.

Na mnaoishi wapangaji wengi humohumo, bonyeza kile kitufe cha kuoanisha ili zitengeneze funguo yake, maana zikibaki na ile ya kiwandani, jirani mwenye za aina hiyo kwenye waya zilezile anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako bila hata kukusudia.

Ukishafunga usipime saa nne asubuhi nyumba imetulia. Subiri usiku pampu ya maji inavuta, chaja zote zimechomekwa, mtu anasaga juisi kwenye blenda. Kwangu blenda ikiwaka inashuka mpaka 25, na katuni bado zinaenda.