Mpira wa puani au wa tumboni: niliyojifunza katika kumlisha mwanangu

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Alipotimiza miezi mitano, kumnyonyesha kulituchukua karibu saa nzima, naye alipomaliza huwa ameloa jasho na koo lake likikoroma majimaji. Hapa Wete, Pemba, kila mmoja aliniambia ni mafua. Kumbe maziwa yalikuwa yakiingia njia ya hewa, na ndiyo maana nimonia ilikuwa ikimrudia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kupaliwa kimyakimya, bila kukohoa hata kidogo, kwa hivyo mzazi asingoje kikohozi ndipo aende hospitali.

Tulianzia mpira wa puani, yaani mpira mwembamba wa kulishia unaopita puani hadi tumboni, kwa sababu hauhitaji upasuaji, na nikaendelea kukamua maziwa yangu na kumpitishia humo. Muuguzi aliupima kutoka ncha ya pua hadi sikioni, kisha hadi kati ya chembe cha moyo na kitovu, akaweka alama ya kalamu pale unapoingilia puani. Alama hiyo naiangalia kila mara. Kabla ya kila mlo huvuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano na kuyadondosha kwenye karatasi ya kupimia asidi. Ikionesha 5 au chini yake, mpira uko tumboni. Zamani watu walipuliza hewa na kusikiliza tumbo, lakini njia hiyo haiaminiki, kwani mpira uliopotelea mapafuni nao unaweza kutoa sauti. Ninapokuwa na shaka simpi kitu, hata akilia.

Humpakata kichwa kikiwa juu, nikaondoa kisukumio cha bomba na kuyaacha maziwa yashuke yenyewe. Yakienda mbio nalishusha bomba. Baadaye humsukumia maji safi kidogo, na simlazi kwa nusu saa. Siku moja mkwe wangu, kwa huruma zake, alimpitishia uji mzito wa muhogo, mpira ukaziba na ikabidi ubadilishwe. Sikumlaumu, maana ni mimi niliyeondoka bila kumwelekeza.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuung'ang'ania mpira wa puani kwa kuogopa kisu. Ni wa muda: plasta ilimchubua shavu, pua ikawa na kidonda, na aliung'oa mara kwa mara usiku. Mtoto anayeonekana atauhitaji kwa miezi, si kwa wiki chache, ndipo wazazi wazungumze na daktari kuhusu mpira wa tumboni, unaopita katika tundu dogo la ngozi na kufichika chini ya nguo. Sisi wa Pemba tuhesabu pia nauli ya boti na malazi, maana upasuaji wenyewe huenda ukafanyika Unguja au Dar es Salaam. Wala usidhani unamaliza kila kitu: kucheua huweza kubaki, na ngozi ya pembeni huweza kuvimba au kuvuja.

Mpira wa tumboni ukichomoka, nenda hospitali mara moja, kwa sababu tundu huanza kuziba ndani ya saa chache. Na katika wiki za mwanzo usijaribu kuurudisha mwenyewe, maana njia bado haijashikana. Wangu wa akiba nauweka kwenye mkoba wa nepi, pamoja na karatasi iliyoandikwa saizi yake.