Kabla hujatupa pointi za Landi yako

Nina Land Rover Series III ya petroli, ile ya lita 2.25, na kipimo changu cha afya yake ni mlima wa kutoka Kericho kwenda Mau Summit. Ikitoka gereji inaupanda kwa gia ya tatu ikinguruma vizuri. Miezi michache baadaye, mlima uleule, inaomba gia ya pili na matatu zinanipita zikinipigia honi.

Mchawi ni ule mguu mdogo wa faiba kwenye pointi, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi ipate cheche. Mguu huo unasuguana na kamu, ile sehemu ya shafti yenye pembe, ndani ya distributa, chombo kinachogawa cheche kwa plagi. Ukilika, mwanya wa pointi unapungua, pointi zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa pamoja nazo. Huoni siku gari lilipoanza kuchoka. Unastukia tu limezeeka. Dawa ni fila geji, vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya, uwe milimita 0.35 hadi 0.40, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, unaipanga upya. Hilo nililizoea. Kilichonichosha ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue kwa cheche. Nilinunua mpya tatu mfululizo, na mojawapo ilikufa kabla sijafika Awasi: gari likiwaka baridi ni tamu, likipata moto linakohoa na kuzima.

Ndipo nikaagiza seti ya elektroniki, moduli inayochukua nafasi ya pointi na kondensa. Nikaipeleka Kibuye, Kisumu, kwa fundi wangu nikiwa nimejaa furaha. Akafungua kepi, kifuniko cha distributa, akatoa rota inayozunguka chini yake, akaishika shafti kwa vidole viwili na kuitikisa kushoto na kulia.

“Omera,” akaniambia, “pointi unazisingizia bure. Hii shafti inacheza rumba.”

Bushi, ile pete inayoshikilia shafti, ilikuwa imeisha. Shafti ikiyumba, mwanya wa pointi hauwezi kutulia hata uupime mara kumi. Moduli ya elektroniki huvumilia zaidi, lakini cheche bado itarukaruka. Tulichongesha bushi ya shaba kwa fundi wa lethi, na nakuambia kweli, nusu ya ugonjwa uliisha hapo kabla hatujafungua ile boksi. Kwa hiyo tikisa shafti yako kwanza. Kagua na kepi kama ina nyufa, maana mvua ya Kericho ikiingia humo, elektroniki haitakusaidia lolote.

Kabla ya kuagiza, soma maandishi ubavuni mwa distributa. Landi hizi utazikuta na Lucas 25D4 au 45D4, na seti ya moja haikai kwenye nyingine. Hakikisha pia ethi ya gari, yaani upande wa betri uliofungwa kwenye bodi, ni hasi. Baadhi ya Landi za zamani kabla ya Series III zilikuwa na ethi chanya, na ukiweka seti isiyofaa umeichoma siku hiyohiyo.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Pointi na kondensa zinatoka, moduli inakaa mahali pake, na pete yenye sumaku inavaa kwenye shafti chini ya rota. Kwenye seti yangu waya mwekundu unaenda upande chanya wa koili, ile inayokuza volti za kutoa cheche, na mweusi upande hasi. Pima koili kwa mita ikiwa imechomolewa waya: yangu ilihitaji kuwa na omu 3 hivi, kwani ya chini zaidi hupitisha umeme mwingi na kuunguza moduli. Magari mengine yana rezista kati ya swichi na koili. Hapo waya mwekundu utafutie volti 12 kamili kabla ya rezista. Waya za plagi ziwe za kaboni. Halafu taimingi, kwa taa ya taimingi, si kwa sikio. Najua mafundi wetu wana masikio makali, lakini alama ya injini yenye mgandamizo wa 7:1 si ya 8:1, na sikio halijui hilo.

Sasa aibu yangu. Redio ya Landi nilikuwa nimeiunganisha kwenye swichi ya injini. Jumapili moja nikaegesha Ahero kumsubiri shemeji aliyeenda kununua mchele, na redioni kulikuwa na mechi ya Gor dhidi ya Leopards. Nikazima injini, nikarudisha ufunguo, nikasikiliza. Kipindi cha pili kilipoanza nikasikia harufu kama ya plastiki iliyoachwa juani. Gari halikuwaka tena. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imelala, umeme unaweza kuendelea kupita kwenye koili na moduli mpaka kimoja kiungue. Hata pointi zingeniunguzia koili, ila koili unaipata mjini. Moduli niliisubiri wiki tatu.

Bahati nzuri pointi za zamani sikuzitupa. Zilikuwa kwenye kopo chini ya kiti, na kondensa moja iliyowahi kufanya kazi, bisibisi na fila geji. Shemeji alinimulikia kwa simu, tukafika Kisumu saa mbili usiku tukiwa na mchele wetu.

Redio sasa inachukua umeme moja kwa moja kwa betri, na fyuzi yake. Mechi naisikiliza ufunguo ukiwa mfukoni.