Kompyuta inajizima yenyewe? Angalia kwanza inazimikaje

Mtu akiniambia mashine yake inajizima simuulizi ni ya kampuni gani wala ina ram ngapi, namuuliza inazimikaje. Maana kuna kuzimika ghafla bila kuaga, kuna ile inazima kwa utaratibu kabisa inakuandikia kwamba inafunga, kuna skrini ya bluu halafu inajiwasha tena, na kuna laptop imelala tu mwenyewe anadhani imezima. Hizo ni kesi tofauti kabisa. Wengi wanakimbilia kupiga windows upya, mafaili yanapotea, siku mbili tatu mashine inazima vile vile.

Tuanze na joto, maana kwenye mashine nilizofungua hilo ndo linaongoza. Tabia yake ni hii, ukiandika barua au kuperuzi haina neno, ukifungua gemu au ukianza kuediti video feni inaanza kupiga kelele, mashine inakuwa nzito, halafu inakata. Ukiiwasha hapo hapo inazima mapema zaidi, ukiiacha ipoe inakaa tena. Sababu ni kwamba prosesa nyingi za siku hizi zikikaribia nyuzi 95 au 100 zinajipunguza spidi zenyewe, ndo ule uzito unaouona, joto likizidi kupanda mashine inajikata isiungue. Weka programu ya kusoma joto kama HWMonitor au HWiNFO, iache wazi huku unaipa mashine kazi nzito uone namba zinapandaje. Kama umekaa tu hujafungua chochote na inasoma 80 hapo usihangaike kutafuta kitu kingine.

Sasa watu wanachungulia kwenye matundu ya nje wanaona feni safi wanasema vumbi hamna. Vumbi halikai hapo bwana, linakaa katikati ya feni na yale mapezi ya hitisinki, yaani kile chuma cha kupoza prosesa, linajisokota mpaka linakuwa blanketi kabisa na hewa haipiti. Lazima utoe feni ndo utaliona. Chomoa chaja, chomoa na betri kwanza, na ukiwa unapuliza zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, yakizungushwa na upepo mkali feni inaweza kufa. Kama mashine ina miaka yake badilisha na pesti ya prosesa, ile krimu ya kupitisha joto kwenda kwenye hitisinki, ya zamani inakauka inakuwa unga. Futa kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kidogo tu katikati, kujaza hakusaidii. Na laptop isitumikie juu ya godoro jamani, matundu ya hewa mengi yako chini.

Joto liko sawa na bado inakata ghafla? Hamia kwenye umeme, na anza na vitu vya bure, badilisha soketi, badilisha waya, ichomeke moja kwa moja ukutani bila ekstenshen. Kwenye desktop fungua ukandamize vizuri ile plagi kubwa ya pini 24 na ile ndogo ya prosesa iliyo juu karibu na prosesa yenyewe, nazo zinalegea. Kama inakata pale tu kadi ya grafiki inapofanya kazi wakati joto ni la kawaida, mimi nashuku pawa saplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme, imechoka au wati hazitoshi, na njia ya uhakika ni kuazima nyingine nzima yenye nguvu ya kutosha ujaribishie. Ila usiifungue pawa saplai yenyewe! kapasita zake zinabaki na umeme hata ukiwa umechomoa waya.

Laptop ni rahisi zaidi. Ikiwa na chaja inakaa siku nzima, ukichomoa inaonyesha asilimia 40 mara imezima, hiyo ni betri. Kwenye Windows andika powercfg /batteryreport pale kwenye Command Prompt, inakutengenezea ripoti, linganisha uwezo iliyotoka nao kiwandani na inaoshika sasa. Betri ikiwa imevimba acha kuitumia hapo hapo, usiibonyeze wala kuitoboa.

Kuna wanaoingia Event Viewer, ile sehemu windows inapoandika matukio yake, wanakuta Kernel-Power 41 kwa maandishi ya kutisha wanaona wamepata ugonjwa. Hiyo inakwambia tu mara ya mwisho mashine haikuzimwa vizuri, kitu ambacho tayari unakijua. Tafuta namba 1074, ikiwepo kwa muda ule ule basi kuna programu au mtu aliyeagiza izime na jina limeandikwa, mara nyingi ni apdeti. Kwa ile ya skrini ya bluu, nenda kwenye Startup and Recovery ya windows ukaondoe tiki ya Automatically restart ili maandishi yakae uyasome, halafu pima ram kwa MemTest86, iache hata usiku kucha.

Ukitaka kujua kama windows ina kosa, ingia BIOS, ile menyu ya mashine inayofunguka kabla windows haijawaka, uiache humo. Ikizima ukiwa humo, windows haihusiki. Isipozima usiseme hadwea ni nzima, kwenye BIOS mashine haifanyi kazi nzito, bora uwashe Linux, mfumo mwingine badala ya windows, kwa flashi uipe mzigo ule ule unaoiangusha siku zote.

Na kama inawaka sekunde chache tu inazima, kila ukijaribu ni hivyo hivyo, angalia switi ya kuwashia kabla hujalaumu mazabodi. Ikinasa ndani, mashine inajua umeishikilia, na ukiishikilia sekunde kama 4 huwa inalazimika kuzima. Desktop unachomoa kile kiwaya cha switi kwenye mazabodi baada ya kuiwasha, ikiendelea kuwaka umeshapata jibu, kanunue switi.